Kila Mtu Asimame Kwenye Mti Wake

Kama wiki iliyopita uliniacha nimekaa chini nje ya uwanja wa Ta Rugaibula, kanzu imechanika begani na nusu ya kijiji inanicheka, basi bado niko hapo hapo. Sijainuka.

Kwa aliyenipata leo: jina langu ni Clavery, mwenyeji wa Kishanda, Muleba. Baba yangu aliuawa mwaka wa vita, bomu lilipomkuta njiani akitafuta ng'ombe wake. Kazi yangu ya ubwana shamba ilinitoka kwa fitina nilizokwisha kuzieleza, na sizirudii kwa sababu zinanipandisha hasira. Mke wangu Paskazia nilimzika mvua za vuli mwaka wa themanini na nane. Aliugua ule ugonjwa ambao huku kwetu tuliuita Juliana, kabla redio haijatufundisha kuuita ukimwi.

Nilibaki na mdogo wangu mmoja tu, Kokushubila. Yeye ndiye sababu ya kusukumwa nje kama mlevi.

Alikuwa amechumbiwa na Datius, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa kwenda na kurudi visiwani. Huko visiwani Datius aliwahi kuishi na mwanamke wa Kisukuma, Sayi, na huyo Sayi alikonda mpaka akafa. Nilisema jambo moja: Datius apimwe damu Bukoba kwanza, ndipo tuzungumze habari za harusi.

Baba mdogo wangu, Ta Rugaibula, ndiye aliyeshika nafasi ya baba katika ukoo wetu, na ndiye atakayepokea lubisi, ile pombe ya ndizi inayoletwa na wachumba. Alinijibu kwamba Datius hana haja ya kupimwa, kwa kuwa Datius ni mtu wa uwanja wake.

Uwanja wenyewe ulikuwa hivi. Kila alfajiri Ta Rugaibula alichemsha omubilizi, ule mti mchungu ambao kila Mhaya amenyweshwa utotoni kwa ajili ya homa. Watu walipanga mstari, kila mmoja akapewa kata moja, akanywa, akakunja uso, akaenda shambani. Neno lake lilikuwa kwamba anayekunywa bila kukosa, Juliana hamgusi. Hakumdai mtu kitu. Hakuwa tapeli, na ningefurahi kama angekuwa tapeli, maana tapeli ungemfukuza kwa fimbo na kulala usingizi.

Mimi nilimwambia mbele ya watu wote kwamba dawa yake ni maji machungu tu. Ndipo vijana wake wakanibeba.

Sasa nimekaa chini, naye akaja mpaka langoni akaniangalia. Hakukasirika. Aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Miaka minne, Clavery mwanangu. Nitajie mtu mmoja wa uwanja huu tuliyemzika."

Nilifungua mdomo. Nikatafuta jina. Sikulipata.

Nje ya uwanja tulikuwa tunazika kila wiki, wakati mwingine mara mbili kwa wiki, mpaka watu wakaacha kurudisha majembe nyumbani. Lakini mstarini pale kila alfajiri walisimama watu wazima, wanene, wanacheka. Hakuna aliyezikwa. Hata katekista alikuwa anakunywa, na yule si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Nikainuka, nikajipangusa, nikaenda nyumbani na kanzu yangu iliyochanika.

Kokushubila alikuwa fundi wa kushona, akaichukua ile kanzu bila kuniuliza. Alipokuwa anapitisha uzi alinisema vizuri sana. Alisema nimemwaibisha, nimemwaibisha na mchumba wake, na kibaya zaidi nimesema uongo, kwa sababu ndani ya uwanja hawafi na nje wanakufa. Akaniuliza bwana shamba anahitaji hesabu gani zaidi ya hiyo.

Nikamuuliza, "Na Paskazia je? Paskazia si alikuwa anakunywa?"

"Wifi alikuwa anakunywa, kaka," akasema. "Halafu akaacha."

Nilinyanyuka kwenye kigoda kwa hasira. Paskazia hakuacha. Mke wangu hakuwahi kuacha kitu alichokianza maisha yake yote, hata ugomvi. Siku moja alikohoa akiwa mstarini, na Ta Rugaibula akamwambia arudi nyumbani mpaka apone, asije akaichafua kata ya wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uwanja: mgonjwa abaki kwake, na nyumba iliyofiwa isije mpaka mwaka uishe. Paskazia alirudi akalala. Alipokufa, watu wakasema amekufa kwa sababu aliacha omubilizi, na mimi mwenyewe, kwa ujinga wa msiba, nikawaachia waseme.

Nilisimama pale nyumbani nikamkumbuka Mutembei wa Kanazi.

Huyu Mutembei, nilipokuwa bado bwana shamba, tulimpa miche ya kahawa ya majaribio. Siku ya ukaguzi wakubwa walikuta kila mche wa kijani, hakuna hata mmoja uliokufa, wakamsifu mpaka akaona haya. Mimi nilibaki nyuma nikamuuliza mkewe walipanda miche mingapi. Mama wa watu akanijibu bila wasiwasi kwamba ilikuwa mingi zaidi, ila mume wake kila Jumamosi hupita aking'oa iliyokauka ili shamba lisichukize macho. Mutembei hakuwa mwongo. Alipenda usafi tu.

Na baba mdogo wangu alipenda usafi vile vile. Watu wa uwanja wake walikuwa wanakufa kama watu wengine wote, ila kila aliyeanza kuugua aliondolewa kwanza kwenye uwanja.

Nikamwambia Kokushubila kwamba sitahesabu waliobaki, nitahesabu walioanza. Akanicheka. Akaniuliza nitawajuaje walioanza, maana mtu aliyefukuzwa mstarini haji kukutangazia.

Nikamwambia wako pale pale, wamesimama kwenye mpaka.

Asubuhi ya kwanza, mwaka wa themanini na tano, Ta Rugaibula alitaka kila nyumba ije na kijiti chake cha omubilizi na kukichomeka kwenye mpaka wa uwanja. Kila nyumba ilikuwa inachuma majani ya mti wake yenyewe. Vijiti vile vilishika, vikawa ua mrefu kuzunguka uwanja wote. Watu walifukuzwa, lakini miti haikung'olewa. Kila mtu Kishanda alijua mti wa nani uko wapi, kama anavyojua mpaka wa kibanja chake.

Kokushubila alikubali kunisaidia, kwa sharti. Nikishindwa, ninyamaze kabisa, nimtoe mwenyewe siku ya harusi yake nikiwa natabasamu. Nikakubali sharti.

Basi tukazunguka ua, mimi nataja, yeye anadondosha punje ya mahindi kikapuni. Nyumba arobaini na nane.

Nilitaka kukimbilia moja kwa moja kwenye misiba ya hizo nyumba. Mdogo wangu akanishika mkono. Alisema nisiguse mlango wa mtu kabla hatujakubaliana msiba upi unahesabiwa, nisije nikachagua inayonifaa. Tulibishana jioni nzima. Tukakubaliana: mtu mzima ambaye hajafika miaka hamsini, aliyekufa kwa kuugua, baada ya ule mwaka wa themanini na tano. Wazee hapana, watoto wachanga hapana, na yule aliyezama ziwani hapana.

"Na usihesabu wa kwake tu," akasema. "Hesabu na nyumba ambazo hazijawahi kunywa. Ukiwaacha hao utakuwa umefanya kama yeye."

Niliudhika kwa sababu hilo lilipaswa kusemwa na mimi. Lakini niliona fahari pia. Msichana huyu angesoma, angetutawala wote.

Tulitembea mpaka viatu vikatoboka. Kuna nyumba tulipokelewa kwa kahawa ya kutafuna, iliyoletwa kwenye kikapu kidogo cha wageni, tukasahau tulichokifuata. Kuna nyumba nilitukanwa, nikaambiwa nahesabu makaburi ya watu kama mchawi. Nilijibu matusi kwa matusi mawili matatu, Kokushubila akaniombea radhi, tukaendelea.

Nyumba zilizoanza kunywa: arobaini na nane. Zilizozika mtu wa umri ule: kumi na tisa.

Nyumba ambazo hazikuwahi kunywa hata tone: hamsini na tatu. Zilizozika: ishirini na mbili.

Piga mwenyewe. Huku katika kila nyumba kumi zimezika karibu nne. Kule katika kila kumi zimezika nne na kidogo. Hicho kidogo ni nyumba moja tu. Babu mmoja angekuwa na umri tofauti kingepotea. Omubilizi haukuua mtu na haukumwokoa mtu.

Nililia, nasema wazi. Nililia kwa sababu Paskazia hakuwa peke yake. Walikuwa kumi na tisa waliosemwa kwamba waliacha.

Kokushubila hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alisema huenda waliacha kweli, na kwa kuacha ndipo ugonjwa ukapata njia. Nikaona ana haki ya kuuliza. Tukarudi tena kwenye nyumba zile kumi na tisa na swali moja tu: kipi kilitangulia, kuugua au kuacha uwanja?

Nyumba kumi na sita zilisema kuugua. Mgonjwa alianza kukohoa, au kuharisha, au kukonda, ndipo akaambiwa asije. Tatu hawakukumbuka vizuri, nikawaacha hivyo hivyo, sikuwalazimisha wakumbuke ninavyotaka mimi.

Mdogo wangu alimwaga punje zote kwenye mkeka akazitazama.

"Sasa waseme wenyewe, kaka," akasema. "Ukisema wewe watasema ni hasira ya mjane."

Jumapili baada ya misa ukoo wa Datius ukaja na lubisi. Uwanja wa Ta Rugaibula ulijaa, majani mapya yametandazwa chini, wazee wamekaa. Nami nikaingia na kanzu yangu iliyoshonwa begani. Wale vijana walionibeba walianza kunisogelea, nikawakazia macho.

Nilipiga goti mbele ya baba mdogo kama inavyotakiwa. Nikamwambia naomba jambo moja kabla hajaonja lubisi: kila nyumba iliyochomeka kijiti asubuhi ile ya kwanza isimame kwenye mti wake, wageni waone watu wa uwanja huu.

Alifurahi. Mzee wa watu alidhani nimerudi kuomba msamaha na kumpa heshima. Akaamuru mwenyewe, kwa sauti kubwa, kila mtu asimame kwenye mti wake.

Watu wakatawanyika wakicheka, wakaenda kusimama. Halafu kicheko kikapungua, kwa sababu ua ulikuwa mrefu kuliko watu. Hapa mtu, pale mtu, halafu miti miwili haina mtu, halafu mtu, halafu mitatu haina mtu.

Nikaelekea kwenye mti wa kwanza usio na mtu nikauliza ni wa nani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Aliyenijibu alikuwa nje, barabarani. Ma Kokuberwa, mjane, mwanamke ambaye hakukanyaga pale tangu amzike mumewe. Nilikuwa nimemwomba aje asikilize tu. Yeye akaingia langoni bila kukaribishwa, akapita katikati ya wazee, akasimama kwenye mti.

"Huu ni wa nyumba yangu, Ta waitu," akamwambia Rugaibula kwa heshima ya mzee. "Mume wangu alikunywa mpaka siku uliponiambia nimbakize nyumbani. Hakuacha. Wewe ndiye uliyemwachisha."

Baada yake wakaingia wengine. Mzee Pastory na wajukuu watatu, akawasimamisha kwenye mti wa baba yao. Wajane wawili wa nyumba moja. Mwanamume mwenye jembe begani, anatoka kuchimba kaburi la jirani. Hawakusema mengi. Walikwenda kusimama tu, na ua ukajaa.

Mti wangu ulikuwa wa mwisho. Nikaenda nikasimama. Nikalitaja jina la Paskazia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, na sikuona aibu.

Ta Rugaibula alizunguka na macho yake ua wote, mti kwa mti, akarudi mwanzo akazunguka tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa.

"Nilidhani nawalinda waliobaki," akasema. Akaweka kibuyu chini bila kuonja, akaketi.

Hapo nilitakiwa kushangilia. Miezi yote ile nilikuwa naisubiri siku ya kumwona amekaa hivyo. Sikupata raha yoyote, nilimwona mzee amechoka tu.

Nikamgeukia Datius. Nikamwambia amesikia, dawa haikumkinga mtu, kwa hiyo twende Bukoba akapimwe, au arudishe lubisi yake visiwani.

Datius alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama usoni.

"Nitapima, shemeji," akasema. "Lakini mimi niliishi na mwanamke akafa, na wewe uliishi na mwanamke akafa. Wewe umepima?"

Watu wote wakanitazama. Mimi niliyehesabu nyumba mia moja na moja nilikuwa sijapima. Nilisema moyoni kwamba ni kukosa nafasi. Ilikuwa woga, na Datius aliuona mbele ya kijiji kizima.

Kokushubila akanusuru hali. Alisimama katikati yetu, na bibi harusi hasimami katikati ya wanaume siku kama ile, akasema tutakwenda watatu, yeye akiwemo, kwa kuwa harusi ni yake na damu anayo pia. Mimi nikacheka kidogo. Nilidhani anafanya hivyo kutupunguzia aibu.

Tukaenda Bukoba mjini. Wakatutoa damu hospitalini, wakatuambia turudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo sikula vizuri, na sitazisimulia.

Siku ya majibu tulikaa kwenye benchi moja refu. Datius aliitwa kwanza. Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia mdogo wangu, ya kumfariji, ya kumwambia atapata mwingine.

Datius akatoka anatabasamu. Hana.

Nilifurahi kwa ajili yake, nakuapia. Lakini hata hajaketi akanipiga bega, akasema kwa utani ambao ulikuwa zaidi ya utani, "Miaka minne ya omubilizi, shemeji."

Mwanamke mmoja mwisho wa benchi akageuka upesi akamuuliza ni mti gani huo, na unachemshwaje.

Nikapandwa na hasira pale pale hospitalini. Nikamwambia yule mama, na Datius, na kila aliyekuwa na masikio, kwamba mtu mmoja si hesabu. Kishanda kuna nyumba ishirini na tisa zilizokunywa na hazikuzika mtu, na nyumba thelathini na moja ambazo hazikunywa hata tone, nazo hazikuzika mtu. Kila mmoja wa hao angeweza kukaa kwenye benchi lile na kusifia chochote anachokula asubuhi. Nesi akachungulia akaniambia nishushe sauti. Sikuishusha.

Nilikuwa bado nasema wakati Kokushubila alipoitwa, sikumwona hata akiinuka.

Alitoka baada ya muda. Hakuja kuketi katikati yetu kama mwanzo. Alisimama mbele ya Datius, mikono imetulia, kichwa juu, na alisema bila kunong'ona.

"Ninao, Datius."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sikuupata kwako," akaendelea. "Nilishona miaka miwili hapa Bukoba kabla hujanijua, nikaishi na mtu aliyeniahidi ndoa. Hakuna aliyeniuliza. Wote mlikuwa mnakuuliza wewe." Kisha akanigeukia. "Hata wewe, kaka. Ulihesabu kijiji kizima, na mimi nimeshika kikapu."

Nilikuwa nimepigana na ukoo mzima nimlinde mdogo wangu dhidi ya mtu huyu, na kumbe aliyepaswa kulindwa ni mtu huyu. Nilitaka kumshika mkono. Akaurudisha mkono wake, si kwa hasira, akasema hataki kuhurumiwa na mtu ambaye hajaingia kwenye ule mlango.

"Mimi sitakaa nyumbani nikohoe peke yangu," akasema. "Nitakuwa mstarini na watu wengine. Anayetaka kunitoa aje anitoe."

Mama wa mwisho wa benchi akaanza kulia, hata hakutujua.

Nesi akafungua mlango akaliita jina langu. Nikasikia, sikuinuka. Akaliita mara ya pili, kwa ukali. Nikamwambia anisubiri kidogo.

Datius alikuwa ameshasimama na kofia yake mkononi. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango wa kutokea, upande wa kulia alisimama mdogo wangu, na nilikataa kwenda kusikia habari zangu kabla sijaona mtu huyu anageukia upande upi.